PROTAC ya BRD4: bendi inapotea kwa nM 100, inarudi kwa µM 10. Tatizo ni kiunganishi?

pipeti200

Wakuu, habari za kazi. Swali ni kwa wenye uzoefu wa PROTAC, yaani dawa za saratani zinazovunja protini badala ya kuizuia tu.

Kuna molekuli nne. Upande mmoja zote zina asidi ya JQ1 inayoshika BRD4 (protini inayochochea jeni za saratani), upande wa pili pomalidomidi inayoshika CRBN (sehemu ya E3, ligasi inayochagua protini za kuvunjwa). Zinatofautiana kiunganishi: PEG (mnyororo wenye oksijeni) ya vizio 2, PEG ya vizio 4, mnyororo wa kaboni 4 na wa kaboni 8. Seli ni MV4;11, saa 24, halafu westani bloti (kupima protini kwa jeli na kingamwili).

Mambo manne hayaeleweki:

1. Ya PEG 4 inafuta bendi ya BRD4 kwa nM 100. Kwa µM 10 bendi inarudi, tena inaonekana nene kuliko ya DMSO peke yake (kiyeyushi bila dawa).
2. Ya kaboni 4 haifanyi chochote, ingawa kwenye protini safi inashika BRD4 na CRBN zote mbili vizuri.
3. Stoki ya DMSO iliyokaa miezi mitatu, ikitolewa na kurudishwa frijani, imepungua nguvu.
4. MYC, protini ya saratani inayoendeshwa na BRD4, inashuka kwenye dozi zote, hata pale BRD4 haijashuka.

Je, nibadilishe kiunganishi, au nihamie VHL (ligasi nyingine badala ya CRBN) moja kwa moja? Na nitathibitishaje kwamba protini inavunjwa kweli kupitia CRBN?

---

Nusumaisha

Mkuu, kurudi kwa bendi si kosa la mkono wako. Ndiyo tabia ya dawa hizi.

PROTAC inafanya kazi kwa kukutanisha. Mkono mmoja umeshika BRD4, mwingine umeshika CRBN, na huo utatu ukidumu vya kutosha kimeng'enya cha E2 kinapata nafasi ya kubandika ubikwitini (alama ya kuvunjwa) kwenye lisini zilizo usoni mwa BRD4. Mnyororo wa ubikwitini ukishajengwa, proteasomu inaitafuna protini, na molekuli yako inatoka nzima kwenda kushika BRD4 nyingine. Sasa ijaze seli molekuli kupita kiasi: kila BRD4 imepata ya kwake, kila CRBN imepata ya kwake, hakuna aliyebaki na mkono mtupu wa kumshika mwenzake. Utatu unavunjika. Mchoro wa dozi unapanda kisha unajikunja, ndiyo maana wanauita athari ya ndoano.

Kilele chake unaweza kukikadiria kabla hujagusa seli. Zidisha Kd mbili (Kd ni kipimo cha mshiko, ikiwa ndogo mshiko ni mkali), tafuta kipeuo cha pili. JQ1 kwa BRD4 chukua nM 50, pomalidomidi kwa CRBN chukua nM 200. Hamsini mara mia mbili ni 10,000, kipeuo chake 100. Yaani nM 100, palepale bendi ilipopotea. Kwa µM 10 umekipita kilele mara mia. Hesabu hii haihesabu wingi wa protini zenyewe, na inachukulia kwamba BRD4 na CRBN hazivutani wala hazisukumani zikikutana. Tena ukolezi wa ndani ya seli si ule ulioweka kwenye kisahani, kwa sababu molekuli ya dalton 800 hivi hupenya kwa shida. Kwa hiyo kilele kikihamia juu, usishtuke.

Bendi kuwa nene kuliko ya DMSO nako kuna maelezo. Seli zikizuiwa BRD4 hujibu kwa kurundika BRD4 zaidi. Hilo lilionekana kwa vizuizi vya kawaida vya BET tangu 2015, na lilikuwa sababu mojawapo ya watu kuvutiwa na kuvunja badala ya kuzuia. Kwa µM 10 molekuli yako ni JQ1 yenye mkia mrefu. Inazuia tu. Swali la nne linajibiwa hapohapo: MYC hushuka BRD4 ikizuiwa na hushuka BRD4 ikivunjwa, kwa hiyo MYC haikuambii lolote kuhusu kuvunjwa. Iache ibaki kipimo cha athari ya mwisho.

Upangaji wa dozi: kuanzia nM 0.1 hadi µM 10, kila hatua mara tatu hivi, unapata pointi 11. Punguza ukolezi ndani ya DMSO, kila pointi iwe mara 1,000 ya ile ya mwisho, kisha weka 0.1% kwenye kati, yaani kimiminika cha kukuzia seli. Ukipunguza ndani ya maji au kati, molekuli za aina hii hung'ang'ania plastiki au kuganda, na pointi za chini zinakuwa za uongo. Muda nao: saa 24 ni mrefu mno kwa swali la kwanza. dBET1, ambayo ni ndugu wa molekuli zako, huanza kuishusha BRD4 ndani ya saa moja au mbili. Pima saa 1, 2, 4, 8 na 24. Saa 24 peke yake inachanganya kuvunjwa, seli kufa, na seli kutengeneza BRD4 mpya. Ripoti namba mbili: DC50, yaani dozi inayofikia nusu ya mshuko, na Dmax, yaani imeshuka hadi wapi. Molekuli yenye DC50 ya nM 1 inayoishia kushusha asilimia 40 si bora kuliko ya nM 20 inayofika asilimia 95.

Uthibitisho wa njia. Hapa usiruke hata kimoja, vyote kwa saa 4:

Tanguliza MLN4924 µM 1 kwa saa moja. Inazima nedileshoni (alama inayowasha kulini, uti wa mashine ya E3), kulini zinalala, na BRD4 ibaki. Kisima kingine kiwe na kizuia proteasomu, kwa mfano bortezomibu au karfilzomibu, lakini usizidishe saa 6. Baada ya hapo seli zinakufa na protini zote zinavurugika. Kingine tanguliza JQ1 tupu ya kutosha kuikalia BRD4 yote, na kingine lenalidomidi tupu µM 10 kuikalia CRBN. Vyote viwili virudishe bendi. Na kilicho muhimu kuliko vyote: tengeneza pacha wa molekuli yako mwenye methili juu ya nitrojeni ya glutarimidi (pete ya pomalidomidi inayoshika CRBN). Pacha huyo anashika BRD4 sawasawa lakini hashiki CRBN. Akishusha BRD4, hadithi yako yote ni ya kuzuia au ya sumu. Ukipata seli zilizoondolewa jeni la CRBN, ni bora zaidi.

Ongeza na kipimo cha mRNA ya BRD4. Ikiwa mRNA imeshuka, protini imekosa kutengenezwa, haijavunjwa.

---

SafuYaSilika

Naongezea upande wa kemia, kuanzia na stoki.

Glutarimidi inafunguka na maji, na thalimidi iliyo jirani yake nayo inafunguka. Kwa pH 7.4 na nyuzi 37 nusumaisha yake ni ya saa tu, si siku. Ndani ya DMSO kavu inakaa, ila DMSO hunywa unyevu wa hewa kila unapofungua kichupa. Tia stoki kwenye LC-MS (mashine inayopima uzito wa molekuli) leo: tafuta kilele kilichozidi uzito wa molekuli kwa 18. Hiyo 18 ni maji yaliyoingia, na molekuli iliyofunguka haishiki tena CRBN ilhali bado inashika BRD4. Yaani umegawa stoki yako kati ya dawa na mshindani wake mwenyewe. Toka sasa mM 10 kwenye DMSO kavu, gawa mikrolita 10 hadi 20 kwa kichupa, hifadhi -80, kila kichupa kitumike mara moja. Kwa majaribio ya saa 72 badilisha kati na uweke dawa mpya kila siku, au ujue kwamba siku ya pili seli zinaogelea kwenye mabaki.

Usanisi. Njia ya kawaida ni 4-fluorothalidomidi na amini ya kiunganishi (ekwivalenti 1.1), DIPEA (besi) ekwivalenti 2 hadi 3, DMSO au NMP, nyuzi 90. Mchanganyiko unageuka manjano kali, na kwenye TLC chini ya taa ya nm 365 doa linang'aa kijani-manjano. Hakuna haja ya kupaka rangi. Zima moto mara fluoridi inapokwisha. Ukiiacha usiku kucha "ili imalizike" unapoteza mavuno kwa pete kufunguka na kwa maji ya kiyeyushi kuingia mahali pa amini.

Kosa linaloumiza wengi ni kinga ya asidi. Wanaweka esta ya methili mwishoni mwa kiunganishi kisha wanaiondoa kwa LiOH. LiOH hiyohiyo inafungua glutarimidi. Tumia esta ya tert-butili, iondoe kwa TFA na DCM moja kwa moja, saa moja, ukaushe mara tatu na toluini. Kwako wewe asidi iko upande wa JQ1, kwa hiyo kinga inayokuhusu ni Boc kwenye amini. Kanuni ni ileile, asidi ndiyo, besi kali hapana.

Kuunga: asidi ya JQ1 ekwivalenti 1, HATU (inayoamsha asidi) 1.1, DIPEA 4, DMF. Acha dakika 5 hadi 10 asidi iamke ndiyo uongeze amini. Ukimwaga HATU iliyozidi juu ya amini tupu unapata guanidini ya amini, na kilele chake kimezidi 98 juu ya amini uliyoanza nayo. DIPEA nne kwa sababu amini yako imetoka kwenye TFA ikiwa chumvi, na hiyo TFA inakula besi kwanza. Safisha kwa HPLC yenye asidi ya fomiki 0.1%, gandisha na ukaushe. Usioshe kwa NaOH. Na ukipima uzito wa kutengeneza stoki, kumbuka chumvi ya TFA kama ipo.

Kuhusu kiunganishi cha kaboni 4, usikitupe kwa sababu ya bloti moja. Kuna maelezo mawili yanayofanana kwa nje: haipenyi, au inapenya lakini protini mbili zinagongana kwa kuwa zimebanwa karibu mno. Vipime tofauti. Fanya kipimo cha kushika CRBN ndani ya seli hai kwa NanoBRET (kipimo cha mwanga), kisha kilekile kwa seli zilizotobolewa utando kwa dijitonini. Ikishika kwenye zilizotobolewa na ikashindwa kwenye hai, tatizo ni kupenya. Ikishika kote lakini BRD4 haishuki, ni jiometri, na hapo kurefusha kwa atomi mbili au tatu mara nyingi kunabadilisha kila kitu.

Maoni yangu kuhusu PEG: ni nzuri kwa kutafuta urefu, mbaya kwa dawa. Kila oksijeni inaongeza eneo la ncha la molekuli, mnyororo unayumba, na vimeng'enya vya ini vinaukata. Tazama bavdegalutamide na vepdegestrant: zote za CRBN, zote viunganishi vyake ni piperidini na piperazini zilizonyooka kama fimbo, na uzito wake ni dalton 812 na 724. Nitrojeni yenye ubesi katikati inasaidia pia umumunyifu.

---

kingamwili_safi

Kabla ya kemia mpya, naomba uiangalie bloti yenyewe, maana BRD4 ni protini inayodanganya.

Umbo refu la BRD4 lina kilodalton 152 kwa hesabu, lakini kwenye jeli hukimbia juu zaidi, karibu na alama ya 200 au kuipita. Ukihamisha kwa mashine ya haraka ya dakika 7 sehemu yake kubwa inabaki kwenye jeli, na kiasi kinachobaki hubadilika kutoka njia moja hadi nyingine. Tumia jeli ya tris-asetati 3–8%, hamisha kwa tangi la majimaji, volti 30, usiku mzima kwenye baridi, methanoli asilimia 10 tu. Baada ya hapo paka jeli Coomassie uone kama juu kumebaki kitu. Mikrogramu 20 za protini kwa kila njia zinatosha.

Kipimo cha usawa kisiwe GAPDH. Ni ndogo mno, huhama vizuri hata pale protini kubwa zimegoma, kwa hiyo itakuonyesha usawa ambao haupo. Vinkulini ina kilodalton 117 hivi, inasafiri jirani na BRD4, na tatizo la kuhamisha litaonekana kwake pia. Kingamwili nayo: inayolenga mkia wa C inaona umbo refu peke yake. Ukitaka kujua habari za umbo fupi, tafuta inayolenga upande wa N.

Ukiwa na molekuli zaidi ya kumi, bloti itakuchosha. Weka HiBiT, kile kipande cha amino asidi 11 kinachopimwa kwa mwanga, kwenye jeni lenyewe la BRD4 kwa CRISPR, usiipandikize kwa plasmidi. Protini iliyozidishwa kwa plasmidi inaizidi nguvu CRBN na kila molekuli inaonekana dhaifu.

---

Nusumaisha

Nakubaliana na @SafuYaSilika isipokuwa mahali pamoja. Kukimbilia fimbo ngumu mapema ni hatari. Fimbo inafanya kazi ukishajua protini mbili zinapenda kukaa vipi. Kabla ya hapo umefunga mlango bila kujua uko chumba gani. Seti ya kwanza iwe mikia inayonyumbuka ya urefu wa atomi 5 hadi 15, tena kutoka sehemu mbili tofauti za thalimidi, nafasi ya 4 na ya 5. Nafasi ya kutokea ina uzito kuliko aina ya mnyororo.

Na msomaji asidhani ni lazima protini zivutane ndipo zivunjwe. MZ1, ambayo ni JQ1 na ligandi ya VHL kupitia PEG ya vizio 3, ndiyo mfano mzuri wa kuvutana: kwa bromodomeni ya pili ya BRD4, VHL inaishika MZ1 iliyokwisha kukaa kwenye BRD4 kwa nguvu takriban mara 18 kuliko inavyoishika MZ1 peke yake. Muundo wa fuwele wa 2017 ulionyesha kwa nini: MZ1 imekunjwa katikati na protini mbili zimegusana uso kwa uso. Ndiyo maana MZ1 inapendelea BRD4 kuliko BRD2 na BRD3 ingawa JQ1 inazishika zote karibu sawa. Lakini kwa CRBN, kazi ya 2018 juu ya BRD4 ilionyesha protini hizo zikikaa kwa mikao tofauti kulingana na kiunganishi, kuvutana kukiwa hakupo au hata zikisukumana, na bado BRD4 ilivunjwa. Kuvutana kunapunguza ndoano na kuongeza uchaguzi. Si sharti.

---

pipeti200

Asanteni sana. LC-MS imeonyesha kilele cha +18, karibu theluthi ya stoki. Nimetengeneza mpya. Swali lililobaki ni VHL au CRBN, maana lengo la mbele ni kupeleka kwa panya.

---

Mfamasia_wa_Pwani

Chagua ligasi kwa kuangalia tishu unayotaka kuiponya na ile unayotaka kuinusuru. Binadamu ana E3 zaidi ya 600 na sisi tunatumia mbili karibu kila siku, kwa hiyo angalau tuzitumie kwa akili.

Mfano unaofundisha kuliko yote ni Bcl-xL, protini inayozuia seli kufa. Navitoklaksi inaizuia vizuri na inaua seli za saratani, lakini chembe sahani za damu nazo zinaishi kwa kutegemea Bcl-xL, hivyo zinaporomoka na dozi haiwezi kupanda. DT2216, iliyotangazwa 2019, ni navitoklaksi iliyounganishwa na ligandi ya VHL. Chembe sahani zina VHL kidogo sana. Utatu haujengeki humo, Bcl-xL yake inabaki, na ile ya seli za saratani inavunjwa. Kizuizi hakiwezi kufanya hivyo hata kiwe na Kd ya ajabu namna gani.

Kwa BRD4 hakuna faida ya aina hiyo iliyo wazi, kwa hiyo pima mengine. Ligandi ya VHL ina haidroksiprolini na vifungo vya amaidi, ni nzito na ina wafadhili wengi wa hidrojeni. Kumeza ni shida. Kwa panya unadunga. Faida yake ni kidhibiti kisafi: geuza hidroksili kutoka trans kwenda cis, kila kitu kingine kilekile, na haishiki VHL tena. CRBN ni nyepesi na inamezeka, lakini inakuja na wageni wake, yaani protini ambazo hukuzilenga. Ligandi yenyewe inaweza kuvuta IKZF1, IKZF3, ZFP91, SALL4, CK1α na GSPT1. GSPT1 ndiyo ya kuogopa zaidi kwenye jaribio: inahitajika kumalizia tafsiri ya protini, ikiondoka protini zote zenye maisha mafupi, MCL1 ikiwemo, zinashuka, na utadhani molekuli yako inavunja malengo kumi. Weka kingamwili ya GSPT1 kwenye kila bloti. Mikia mikubwa kwenye nafasi ya 5 ya thalimidi hupunguza wageni hao, na hiyo ni sababu nyingine ya kufuata ushauri wa kujaribu nafasi zote mbili.

Halafu panya. CRBN ya panya ina isolusini 391 pale ambapo ya binadamu ina valini 388. Badiliko hilo moja linatosha kuzuia wageni kama IKZF1 wasivunjwe na thalidomidi na ndugu zake, ingawa ligandi bado inashika. Uvimbe wa seli za binadamu uliopandikizwa utaona BRD4 ikivunjwa na wageni wakivunjwa. Tishu za panya mwenyewe hazitaona wageni. Ukisema "panya walivumilia vizuri" kwa molekuli ya CRBN, sumu muhimu hukuipima. Kuna panya waliobadilishwa kuwa na valini hiyo. Tafuta hao, na ikishindikana pima wageni kwenye seli za binadamu za kawaida, za uboho kwa mfano.

Kwenye panya usihesabu dawa ya damu peke yake. Chukua uvimbe saa 4, 8, 24 na 48 baada ya dozi moja, pima BRD4 na pima dawa humohumo. Protini huweza kubaki chini baada ya dawa kwisha kwenye damu, kwa sababu seli inahitaji muda kutengeneza nyingine, na hiyo ndiyo inayoamua kama dozi ni ya kila siku au mara mbili kwa wiki. Ukiona dawa tele kwenye uvimbe na BRD4 imesimama, rudi kwenye ndoano.

Usugu nao uanze kuufikiria sasa. Seli zinazoachwa muda mrefu na dawa hizi mara nyingi haziharibu lengo. Zinaharibu mashine: CRBN kwa molekuli za CRBN, CUL2 (kulini ya VHL) kwa zile za VHL. Njia nyingine ni kuongeza pampu ya ABCB1, ambayo inazipenda molekuli kubwa hivi. Kuwa na molekuli ya CRBN na ya VHL kwa lengo lilelile kunakusaidia kutofautisha: seli sugu kwa moja ikiitikia ya pili, ligasi imeharibika, ikizikataa zote mbili, jaribu na kizuia ABCB1.

Kwa wanaouliza kama haya yote yanafika kwa mgonjwa: vepdegestrant, inayovunja kipokezi cha estrojeni, ilimezwa mg 200 kwa siku katika jaribio la awamu ya tatu dhidi ya sindano ya fulvestrant. Matokeo ya 2025 kwa wagonjwa wenye ESR1 (jeni la kipokezi hicho) iliyobadilika yalikuwa miezi 5.0 dhidi ya 2.1 bila ugonjwa kusonga mbele. Kwa wagonjwa wote kwa pamoja tofauti haikufikia kiwango cha takwimu.

---

SafuYaSilika

@pipeti200 theluthi ya stoki kufunguka maana yake DC50 zote za nyuma zifutwe, usizirekebishe kwa kuzidisha. Ile iliyofunguka bado inakalia BRD4, kwa hiyo imeharibu umbo la mchoro pamoja na namba yake. Rudia zote nne siku moja, stoki mpya, MZ1 na cis-MZ1 (pacha wake asiyeshika VHL) pembeni kama vipimo vya kulinganishia. Kama MZ1 haikushusha BRD4 siku hiyo, usiamini njia nyingine yoyote kwenye jeli hiyo.